Kati ya Kidole na Kisu

Asubuhi ya Septemba 30, 1811, Fanny Burney, mwandishi wa riwaya aliyejulikana kote Uingereza, alikuwa nyumbani kwake mjini Paris alipoletewa barua kwamba madaktari wangefika siku hiyohiyo. Alikuwa na umri wa miaka 59. Maumivu ya titi la kulia yalikuwa yamemwanza Agosti ya mwaka uliotangulia na mwanzoni aliyapuuza. Mumewe, Jenerali d'Arblay, ndiye aliyemsihi hadi akakubali kuonwa. Sasa mume huyo alikuwa ameondolewa nyumbani kwa makusudi, asije akashuhudia. Burney alipita sebuleni, akaona bandeji na sponji zimekwisha kupangwa, akageuka akarudi alikotoka.

Saa tisa alasiri waliingia wanaume saba waliovaa nguo nyeusi. Mmoja wao alikuwa Dominique Jean Larrey, mpasuaji maarufu wa majeshi ya Napoleon, na pamoja naye alikuwepo Antoine Dubois, ambaye miezi sita kabla alikuwa amemzalisha mke wa Napoleon. Dawa ya usingizi haikuwepo; etha ingeanza kuzoeleka katika upasuaji baada ya mwaka 1846. Burney alipewa kinywaji chenye mvinyo, akalazwa juu ya godoro kuukuu katikati ya chumba, akafunikwa uso kwa leso. Leso ilikuwa nyepesi mno. Aliuona mng'ao wa chuma kupitia humo, kisha akaona kidole cha Dubois kikichora hewani mstari ulionyooka, msalaba na duara. Hapo ndipo alipojua kwamba titi zima linaondoka.

Alinusurika, na miezi kadhaa baadaye akamwandikia dada yake Esther barua ndefu inayosomwa mpaka leo katika vyuo vya udaktari. Wasomaji wengi hushtushwa na maumivu yanayosimuliwa humo. Lakini kuna jambo jingine katika barua ile, la kimyakimya zaidi, linalostahili kuangaliwa: kati ya siku madaktari walipougusa uvimbe na siku walipokuja na visu, hakuna kipimo chochote kilichofanyika. Walitazama, walipapasa, walijadiliana, wakaamua. Nyama iliyotolewa haikuangaliwa na yeyote kwa njia ambayo leo tungeiita uchunguzi. Burney aliishi miaka 28 zaidi, akafariki mwaka 1840 akiwa na umri wa miaka 87, na wapo madaktari wa siku hizi wanaojiuliza kama kweli ile ilikuwa saratani. Hilo halitajulikana kamwe.

Historia ya mwanamke mwenye uvimbe mpya wa titi, hasa mwanamke aliyekwisha kula chumvi nyingi, ni historia ya nafasi hiyo tupu kati ya kidole na kisu, na ya jinsi ilivyochukua takriban karne mbili kuijaza.

Kwa sababu nafasi hiyo ilikuwa tupu, wanawake walificha. Mwanahistoria wa Kigiriki Herodotus anamsimulia Atossa, binti wa Koreshi na mke wa Dario mfalme wa Uajemi, aliyetokewa na uvimbe kwenye titi. Ulipokuwa mdogo alinyamaza kwa aibu. Ulipopasuka na kuenea ndipo alipomwita mganga Mgiriki, Democedes, aliyekuwa mateka katika jumba la mfalme. Democedes alimponya, jambo linalotia shaka kama ilikuwa saratani. Hata hivyo mwenendo wa malkia yule, kuona, kunyamaza, kungoja, kisha kusema mambo yakishaharibika, ungetambuliwa na muuguzi yeyote wa kliniki ya matiti leo.

Miaka elfu mbili na zaidi baadaye, Anne wa Austria, mama wa Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, alipita njia hiyohiyo. Alikuwa amekwisha kutimiza miaka 60 uvimbe ulipomtokea. Katika nyumba za watawa alizozitembelea alikuwa amewaona masista wakifa polepole kwa ugonjwa huo, na alikuwa akiuogopa kuliko magonjwa mengine yote. Alichelewa kuwaambia madaktari wa mfalme. Walipoletwa waganga, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja alikuja na dawa yake. Mmojawapo alipaka mchanganyiko wenye aseniki, sumu inayokula nyama. Alifariki Januari 1666 akiwa na miaka 64. Alikuwa mama wa mfalme mwenye nguvu kuliko wote Ulaya, na bado hakupata jibu la swali dogo kabisa: uvimbe huu ni kitu gani?

Vidole vilikuwa na elimu yake, na si haki kuvidharau. Karatasi ya mafunjo ya Misri inayoitwa Edwin Smith, iliyonakiliwa takriban mwaka 1600 kabla ya Kristo, inamfundisha tabibu kuuweka mkono juu ya uvimbe wa kifuani: je, una joto, una majimaji, ni mgumu? Kwa ule mgumu wenye ubaridi, tabibu anaambiwa kwamba hakuna tiba. Madaktari wa baadaye waliongeza dalili ambazo bado zinafundishwa: uvimbe usiosogea ukisukumwa, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani, tezi zilizovimba kwapani. Shida ni kwamba dalili hizo zinapokuwa wazi kiasi cha kumshawishi kila mtu, mara nyingi ugonjwa umekwisha kwenda mbali. Uvimbe mdogo unaotelezateleza chini ya kidole haukuwa na wa kuuelezea.

Hadubini ndiyo iliyoanza kubadili mambo. Mwaka 1838 Johannes Müller, mwanasayansi wa Kijerumani, alionyesha kwamba uvimbe wa saratani umejengwa kwa seli, kama sehemu nyingine za mwili. Kuanzia hapo iliwezekana, angalau kwa nadharia, kuchukua kinyama kidogo na kukisoma. Lakini kukifanya kigumu, kukikata vipande vyembamba na kukitia rangi kulichukua siku nyingi, na wapasuaji wa mwisho wa karne ya 19 hawakuwa watu wa kungoja. Aliyewaongoza ni William Halsted wa Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, ambaye mwaka 1894 alichapisha taarifa ya wagonjwa 50 aliowaondolea titi, misuli ya kifua na tezi za kwapani kwa pamoja. Mwaka 1891 mwenzake, William Welch, alijaribu kugandisha kinyama na kukisoma wakati Halsted anaendelea na kazi. Jibu lilipokuwa tayari, operesheni ilikuwa imekwisha.

Ufumbuzi ulitokea dirishani, katika baridi ya jimbo la Minnesota. Januari 1905 mpasuaji William Mayo alimwomba mtaalamu wake wa maabara, Louis Wilson, atafute namna ya kuwaambia wapasuaji kama uvimbe ni saratani wakati mgonjwa bado yuko mezani. Wilson aliweka vipande vya nyama nje ya dirisha vikaganda, akavikata, akavitia rangi ya buluu ya methilini, akaona seli waziwazi ndani ya dakika chache. Mwaka huohuo alichapisha mbinu yake. Ni moja ya kazi safi za akili katika historia ya udaktari: tatizo lilielezwa kwa sentensi moja, na vifaa vilikuwa baridi ya nje na rangi.

Matokeo yake kwa wanawake, hata hivyo, yalikuwa mazito. Kwa kuwa jibu lilipatikana mgonjwa akiwa mezani, ikawa desturi kwamba uchunguzi na upasuaji vifanyike katika usingizi mmoja. Mwanamke aliyegundua uvimbe aliingia hospitali, akatia saini karatasi inayoruhusu lolote litakalohitajika, akachomwa nusukaputi. Kinyama kilikatwa, kikapelekwa maabara, kikasomwa. Kikiwa salama, alizinduka na kidonda kidogo. Kikiwa si salama, alizinduka bila titi, bila misuli ya kifua, na mkono usioinuka vizuri. Jambo la kwanza alilofanya akifumbua macho lilikuwa kupeleka mkono kifuani kupapasa bandeji, maana ukubwa wa bandeji ndio uliokuwa majibu yake. Hali hiyo ilidumu Marekani, na kwingi kulikofuata mkondo wake, kwa karibu miaka 70.

Katika miaka hiyohiyo wanawake walihubiriwa wasichelewe. Chama cha Marekani cha kupambana na saratani kiliundwa mwaka 1913, na ujumbe wake mkuu ulikuwa huo. Nchini Uingereza, daktari Janet Lane-Claypon alifanya kazi kubwa zaidi ya mahubiri: mwaka 1926 alichapisha utafiti uliolinganisha wanawake 500 wenye saratani ya titi na wengine 500 wasio nayo, mbinu ambayo leo ni msingi wa utafiti wa magonjwa, na kazi zake zikaonyesha kwamba waliotibiwa ugonjwa ukiwa bado mdogo waliishi muda mrefu zaidi. Mahubiri yalikuwa na msingi, basi. Lakini yaliweka lawama zote kwa mwanamke anayengoja bila kuuliza anangojea nini. Aliyejua kwamba kwenda kuuliza ni kulala akiwa na titi na kuamka bila titi, alikuwa na sababu ya kusitasita. Kumwita mjinga ni kumdhulumu.

Desturi hiyo ilivunjwa na wanawake wenyewe, na kwa muda mfupi wa kushangaza.

Mwaka 1972 Shirley Temple Black, aliyekuwa mtoto nyota wa sinema na baadaye mwanadiplomasia, aligundua uvimbe. Alikataa usingizi mmoja. Alitaka kinyama kitolewe kwanza, azinduke, aambiwe, ndipo aamue. Alipomaliza matibabu aliwaita waandishi wa habari kwenye chumba chake cha hospitali akasema hadharani. Miaka miwili baadaye, Septemba 26, 1974, daktari alikuta uvimbe kwenye titi la Betty Ford, mke wa rais wa Marekani, katika uchunguzi wa kawaida. Alikuwa na miaka 56, na mumewe alikuwa na wiki saba tu madarakani. Septemba 28 aliingia chumba cha upasuaji kwa utaratibu wa zamani: usingizi mmoja. Kilichokuwa kipya ni kwamba habari zilitolewa wazi, gazetini na redioni, wakati ambapo neno saratani na neno titi hayakuwa yakitajwa pamoja mbele za watu. Mamia ya maelfu ya wanawake walijipima au kwenda kupimwa. Wiki chache baadaye Happy Rockefeller, mke wa mtu aliyekuwa ameteuliwa kuwa makamu wa rais, naye alijikuta na uvimbe. Betty Ford aliishi hadi mwaka 2011, akafariki akiwa na miaka 93.

Usiku ule kabla ya upasuaji wa Bi. Ford, mwandishi wa habari kutoka Maryland aitwaye Rose Kushner alipiga simu White House. Miezi mitatu nyuma yeye mwenyewe alikuwa amezunguka akitafuta daktari atakayekubali kumchunguza tu, bila kumwondolea titi katika usingizi huohuo, na wengi walikataa. Sasa alitaka mke wa rais apewe nafasi ya kujua kwanza. Alijibiwa kwamba rais amekwisha kuamua. Jibu hilo lilimkera kwa haki, na halikumnyamazisha. Alisoma majarida ya kitabibu kama mwanasheria anayesoma kesi, akaandika kitabu, akasimama kwenye mikutano ya madaktari huku wakimzomea. Juni 1979 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliitisha kikao cha wataalamu, na Kushner akawa mjumbe asiye daktari katika jopo hilo. Kikao kilipendekeza kwamba uchunguzi utenganishwe na matibabu: kinyama leo, majibu baadaye, uamuzi baada ya mgonjwa kuelewa.

Kinachouma ni kwamba kifaa cha kutenganisha hatua hizo kilikuwepo muda wote. Mwaka 1930 Hayes Martin na fundi wake Edward Ellis, katika Hospitali ya Memorial mjini New York, walikuwa wamechapisha mbinu ya kuchoma sindano ndani ya uvimbe, kuvuta seli kwa bomba la sindano na kuzipaka kwenye kioo. Hakuna usingizi, hakuna kitanda cha wodi. Marekani haikuipokea. Wataalamu wa maabara walitaka kipande kizima cha nyama wanachoweza kukisoma kwa utulivu, na wapasuaji wengi waliogopa kwamba sindano ingezitawanya seli za saratani mwilini. Ilibidi Wasweden waichukue: kuanzia miaka ya 1950, Sixten Franzén na wenzake wa Karolinska mjini Stockholm waliwapima maelfu ya wagonjwa kwa sindano nyembamba, wakasoma seli zao, wakaonyesha kwamba mbinu inafanya kazi na haienezi ugonjwa kama ilivyohofiwa. Baadaye zilikuja sindano nene kidogo zinazotoa kijiti cha nyama kwa ganzi tu, na kijiti hicho kinaonyesha mengi zaidi: kama ni saratani, ni ya aina gani, na kama inalishwa na homoni.

Hofu ile ya kutawanya seli bado inasikika. Katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki wapo wanaoamini kwamba kansa ikiguswa, hasa kwa sindano au kisu, ndipo inapokasirika na kusambaa. Watu husema wanamjua jirani aliyekatwa kinyama na baada ya miezi mitatu akazikwa. Mara nyingi jirani huyo alifika hospitali ugonjwa ukiwa tayari mapafuni au kwenye mifupa, na sindano ikabebeshwa lawama ya kilichokwisha kutokea. Wanaowacheka watu hawa wangefaa kukumbuka kwamba wapasuaji wa Marekani walisema maneno karibu hayohayo.

Picha nazo zina historia, na inaanza na mtu aliyestahili maisha mema kuliko aliyoyapata. Mwaka 1913 Albert Salomon, mpasuaji kijana wa Berlin, alipiga eksirei matiti zaidi ya 3,000 yaliyokwisha kukatwa, akalinganisha picha na nyama yenyewe, akaonyesha kwamba saratani ina sura yake hata kabla haijashikika kwa vidole. Manazi walipotwaa madaraka alifukuzwa kazi kwa kuwa Myahudi, akafungwa kambini Sachsenhausen, akatorokea Uholanzi. Binti yake, msanii Charlotte Salomon, aliuawa Auschwitz mwaka 1943. Baba aliishi hadi mwaka 1976, muda wa kutosha kuona kazi yake ikirudiwa na wengine: Raul Leborgne wa Uruguay, aliyefundisha kulibana titi ili picha iwe safi, na Robert Egan wa Texas, aliyeboresha upigaji wake kufikia mwaka 1960. Ultrasaundi ilifuata njia nyingine. John Wild, mpasuaji mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Minneapolis, akishirikiana na mhandisi John Reid, alianza kuchunguza uvimbe wa titi kwa mawimbi ya sauti mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mashine zinazotokana na kazi hiyo ndizo leo zinazopatikana katika hospitali nyingi za wilaya, mahali ambapo mamografia haijafika.

Vifaa vilipopatikana, umri ukawa mpaka.

Majaribio ya kwanza makubwa ya mamografia, yaliyoanza New York Desemba 1963 na kuhusisha wanawake wapatao 62,000, yaliwachukua wenye miaka 40 hadi 64. Uingereza ilipoanzisha mpango wake wa taifa mwaka 1988, ilialika wenye miaka 50 hadi 64, na kusogea hadi 70 kulikuja miaka ya 2000. Jaribio maarufu la Umberto Veronesi mjini Milano, lililothibitisha kwamba uvimbe mdogo unaweza kutolewa bila kuondoa titi zima, liliwaacha nje waliovuka miaka 70. Watafiti walikuwa na sababu zao: wazee wana magonjwa mengine, hufa kwa mengine, huharibu hesabu. Lakini matokeo ya kuwaacha nje tafiti baada ya tafiti ni kwamba watu wakaanza kudhani ugonjwa wenyewe unakoma pale takwimu zinapokoma. Kumbe uwezekano wa kupata saratani ya titi huongezeka kadiri umri unavyosonga.

Kwa mwili wa mwanamke mzee kuna mambo yanayofanya uchunguzi uhitajike kwa haraka zaidi, na mengine yanayoufanya uwe rahisi. Binti wa miaka 20 mwenye uvimbe unaoteleza huenda ana fibroadenoma, uvimbe usio na madhara. Mama wa miaka 45 huenda ana kifuko cha maji kinachokuja na kuondoka na hedhi. Baada ya hedhi kukoma, sababu hizo hupungua, na uvimbe mpya mgumu hauwezi kupewa udhuru wa namna hiyo. Kwa upande mwingine, titi la mwanamke mzee huwa limejaa mafuta zaidi, na katika picha ya eksirei mafuta huonekana meusi huku uvimbe ukionekana mweupe, kwa hiyo picha husomeka vizuri kuliko ya msichana.

Na kuna habari njema ambayo haijulikani vya kutosha. Saratani za wanawake wazee mara nyingi ni zile zinazolishwa na homoni, na hizo zina vidonge vyake. Mwaka 1971 daktari Mary Cole na wenzake wa Hospitali ya Christie mjini Manchester walichapisha matokeo ya dawa mpya, iliyokuja kuitwa tamoksifeni, kwa wagonjwa 46 wenye saratani ya titi iliyoenea au kurudi. Kumi kati yao walipata nafuu, na dawa haikuwasumbua kama tiba za homoni zilizokuwepo. Leo iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2004 Wamarekani walichapisha utafiti wa wanawake 636 wenye miaka 70 au zaidi, ambao hatimaye walifanyiwa utafiti wao wenyewe: waliotolewa uvimbe mdogo na kupewa tamoksifeni bila mionzi waliishi muda sawa na waliopigwa mionzi. Kwa hiyo bibi anayekataa kupimwa kwa kuwa hataki kukatwa titi anakataa, bila kujua, hata njia ambazo pengine zisingemkata titi.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii mapema kuliko wengi wanavyodhani. Hospitali ya Mengo, Kampala, iliyoanzishwa mwaka 1897 na daktari mmisionari Albert Cook, ilitunza daftari za wagonjwa kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1964 J.N.P. Davies na wenzake walichapisha uchambuzi wa daftari hizo, kuanzia mwaka 1897 hadi 1956, na ukawa jibu kwa waliodai kwamba saratani ni ugonjwa ulioletwa na maisha ya kisasa: ilikuwepo tangu kurasa za mwanzo. Dar es Salaam, Wajerumani walijenga hospitali ya Ocean Road miaka ya 1890 kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Waasia walikwenda hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji. Jengo lile la pwani, lililobaguliwa kwa rangi, ndilo leo Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyopewa hadhi yake mwaka 1996.

Wengi hufika huko wakiwa wamechelewa. Tathmini ya huduma za matiti nchini Tanzania iliyofanyika mwaka 2017 ilikuta kwamba takriban asilimia 80 ya wagonjwa hugunduliwa ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Kwa wanawake wazee kuna mazoea yanayochangia. Maumivu yote huitwa uzee. Mama mkwe hamwonyeshi mkamwana kifua chake, na bibi hapendi kufunua kanga mbele ya daktari kijana aliye sawa na mjukuu wake. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni, na mtu aliyelea watoto saba na kulima mpaka juzi hawezi kuona sababu ya kupanda gari kwenda mjini kwa kitu kisichouma.

Mafunzo ya kujipima peke yake hayakutatua hili. Huko Shanghai wafanyakazi wa viwanda vya nguo 266,064 waligawanywa mafungu mawili, moja likafundishwa kwa bidii kujipima matiti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 hayakuonyesha upungufu wowote wa vifo, bali ongezeko la kukatwa vinyama ambavyo havikuwa na ugonjwa. Mumbai walijaribu jambo jingine. Kuanzia mwaka 1998, katika mitaa ya maskini, wanawake wenye elimu ya sekondari walifundishwa kupapasa matiti ya majirani zao kila baada ya miaka miwili na kuwapeleka hospitali wenye uvimbe. Waliofuatiliwa walikuwa 151,538, kwa miaka 20. Kwa jumla upungufu wa vifo haukuwa mkubwa kiasi cha kuthibitika. Kwa wenye miaka 50 na zaidi, ulikaribia asilimia 30. Mikono ya mwanamke jirani, isiyo na mashine, iliwafaa zaidi wale wenye umri mkubwa. Hata hivyo utafiti huo nao uliwachukua wenye miaka 35 hadi 64 tu.

Mipaka yote hiyo ya umri inahusu wanaoalikwa kupimwa bila kuwa na dalili. Mwenye uvimbe hayumo katika hesabu hiyo. Awe na miaka 50 au 85, anachunguzwa kwa utaratibu uleule wa mambo matatu, yaani mkono wa daktari, picha, na sindano. Majibu matatu yakipatana kwamba hakuna hatari, anarudi nyumbani. Hata moja tu lisipopatana na mengine, uchunguzi unaendelea.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba kuanzia mgonjwa anapofika kituoni hadi anapojua ugonjwa wake zisipite siku 60. Kwa mwanamke wa kijijini, siku hizo zinaanzia zahanati, zinapita hospitali ya wilaya kwa ultrasaundi, hospitali ya mkoa au kanda kwa sindano, kisha kinyama husafirishwa hadi maabara yenye mtaalamu wa kukisoma, na majibu hurudi njia ileile. Bibi wa miaka 70 hasafiri peke yake. Kila hatua ni nauli mbili, yake na ya mjukuu anayemsindikiza.